Wimbo wa Kurasa Nne

Jumamosi asubuhi, mwaka 1950, Felisian alikuwa amekaa mlangoni kwake Naipingo akikwangua ubao wa gitaa kwa kipande cha chupa. Alikwangua, akaugonga kwa ukucha, akasikiliza, akakwangua tena, mpaka ukawa mwembamba kama ganda la muhogo. Mkewe, Dionisia, hakuchoka kuitazama mikono ile. Ubao ulikuwa wa mninga wa shambani kwao. Mninga huo uliangushwa na katapila za watu wa karanga, wale wa mradi wa mashamba makubwa, waliolisafisha shamba lote, pamoja na kaburi la mtoto wao wa kwanza, Anselmo, aliyeishi miezi saba. Watu wa karanga walikuwa na karatasi ya serikali.

Nyuzi zilitoka kwenye waya wa breki ya baiskeli. Gitaa lilipokamilika, Felisian alipiga wimbo wa harusi, na miti ya shamba ikasimama mahali pake, na kaburi chini yake. Wimbo ulipokwisha, miti ikaondoka. Dionisia akaenda kutafuta ufagio wa kulifagilia kaburi.

Shida ilikuwa urefu. Nyimbo za Felisian zilikuwa za kichwani, fupi. Dionisia, na binti yao Lusiana mgongoni, alikuwa akifika kwenye kichuguu cha katikati ya njia ya shambani tu, zinaisha. Wimbo ukirudiwa, miti haikuuitikia tena hadi kesho yake. Gitaa likipigwa shambani kwenyewe, haikutokea kabisa. Ilitaka kuitwa kutoka nyumbani. Majirani wakamshauri akimbie. Alikimbia, akakipita kichuguu kwa hatua kumi.

Mwalimu Teofili, aliyetoka Nkowe kwa baiskeli kufundisha watu wazima kusoma jioni, alijua pia nota za muziki. Dionisia, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kitabu chake cha kwanza, akamwomba wimbo mrefu. Mwalimu alipekua mkoba wake akatoa kurasa nne za nota.

"Hizi zitakufikisha kaburini," alisema. "Kufagia, sina hakika."

Kwa miezi mitatu Dionisia alijifunza kuzisoma, na kila alichojifunza alimfundisha mumewe uani: mistari mitano kwa kijiti, nota kwa punje za mahindi, kuku wakifukuzwa. Felisian, ambaye hakuwahi kukalia dawati, mwishowe alisoma upesi kuliko yeye. Alipopiga, hata wapita njia walishuka kwenye baiskeli.

Kurasa zilimfikisha Dionisia kaburini, zikaisha akiwa ameinama. Ndipo alipokumbuka zile nukta mbili ambazo mwalimu alisema humwamuru mpigaji arudie. Akachukua penseli, akaziweka mwisho wa kila ukurasa. Miti haikuwa na neno na kitu kilichoandikwa.

Kesho yake alifagia. Alipanga mawe, akamshusha Lusiana, akamwonyesha kaka yake. Amri, dereva wa trekta la watu wa karanga, mtu wa Mandawa, alizima injini katikati ya mininga, akasubiri mikono ikiwa juu ya usukani.

Miti ilipoondoka, Dionisia alibaki na ufagio katikati ya mstari wa karanga zilizoota na majani ya njano.

"Umemaliza, Mama Anselmo?" Amri aliuliza.

"Upande mmoja."

"Kesho ni kurasa ngapi? Msimamizi ataniuliza."

"Nne, na marudio yake."

Amri alihesabu kwa vidole, akamwomba amsogeze mtoto kidogo, akawasha trekta, akapita palepale.