Dawa Iliyomsubiri Mgeni Rasmi

Nusrat aliingia ukumbi wa hospitali yao ya Mbeya akakuta kisanduku chake cha dawa kimefungwa utepe wa bluu na kuwekwa mezani, kati ya maua ya plastiki na chupa za maji. Damu ikamchemka. Kisanduku kilitoka uwanja wa ndege wa Songwe asubuhi ile ile, na yeye mfamasia ndiye aliyekipokea, kabla mkurugenzi, Dokta Crispin, hajatuma watu wakiazime "mara moja tu".

Ndani mlikuwa na dawa ya kupigia picha. Haitibu kitu. Ukimchoma nayo mgonjwa, inakwenda kuutafuta uvimbe wa saratani popote ulipojificha na kuufanya ung'ae kwenye mashine. Uking'aa, watafiti wanajua kwamba dawa yao mpya, ile inayoufuata ugonjwa bila kuusumbua mwili mzima, nayo itafika. Usipong'aa, mgonjwa anaondolewa kwenye utafiti. Ubaya wake, haihifadhiki. Kila zikipita saa mbili hivi nusu ya nguvu imekwenda, uiweke kwenye friji au uifungie benki.

Aliyekuwa akiisubiri ni Ng'washi, mama wa Kisukuma kutoka Ubaruku, uvimbe umemtambaa kutoka titi hadi kwapani. Matibabu mengine yote yalikuwa yameshindikana. Alikaa kwenye benchi la nje, njaa inamuuma kwa sababu aliambiwa asile.

Nusrat akamwomba Dokta Crispin amchome mgonjwa kwanza, sherehe ifuate. Dokta akamtazama kana kwamba kamtukana. Mashine haijazinduliwa, akasema, itatumikaje kabla mgeni rasmi hajakata utepe? Tena mgeni amekaribia, amepiga simu sasa hivi, yuko Ipogolo.

Ipogolo ni Iringa. Kutoka pale mpaka Mbeya ni nusu siku ya barabara, malori yakikuachia njia, na msafara wenyewe ulikuwa umesimama kunywa supu. Lakini hospitali nzima, watu waliosoma mpaka wakaota mvi, ilikubaliana kwamba mtu aliye Ipogolo amekaribia. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema vingine.

Viti vikapangwa upya. Kwaya ikaimba, ikachoka, ikakaa. Nusrat akaomba tena na tena, kwa upole, mpaka akajichukia.

Mgeni akafika saa nane mchana, akahutubia weee, utepe ukakatwa. Ndipo Dokta Crispin alipomwita Nusrat amchome mgonjwa mbele ya kamera.

"Dawa imeisha nguvu, Dokta," alisema Nusrat.

"Wewe mchome tu. Mgeni aone."

Hapo upole ukamtoka. Kumchoma dawa ile maana yake uvimbe hautang'aa, itaandikwa kwamba Ng'washi hafai, na jina lake litafutwa moja kwa moja. Wamemnyima picha, sasa wanataka kumnyima na nafasi yenyewe. Nusrat akakikumbatia kisanduku kwa mikono miwili.

"Simchomi," alisema, na kipaza sauti kilikuwa wazi. "Dawa hii ilifika asubuhi ikiwa nzima. Imefia hapa mezani, ikimsubiri mgeni."

Mgeni rasmi akacheka kidogo, akidhani ni utani. Dokta Crispin akamnong'oneza Nusrat kwamba asubiri barua yake. Nusrat akamjibu kwamba ataisubiri, ila aiwahishe kuliko alivyomwahishia mgonjwa dawa.

Alimkuta Ng'washi bado yuko benchini nje, mapajani ana kanga mpya yenye jina la mradi, aliyopewa avae wakati wa picha. Akamweleza ukweli wote. Kisanduku kingine kitaletwa mwezi ujao, kama uvimbe utakubali kungoja.

"Mwanangu," aliuliza Ng'washi, "hii dawa ilikuja kwa ajili ya mimi, ama kwa ajili ya yule?"

"Kwa ajili yako, mama."

Ng'washi akaikunja ile kanga vizuri, akamkabidhi, akamwambia ampelekee mgeni. Kisha akauliza kama sasa anaruhusiwa kula.