Kidole cha Mtawa

Kitambaa kilipita mara moja tu, alama nyeupe zikatoka. Wichit alikuwa amekilowesha thina ya kuyeyushia rangi, akakipitisha kwenye kile kipande cha plastiki kinachokaa ndani ya pikapu, juu ya kioo cha mbele, upande wa dereva, na nukta za poda zilizopangwa mfano wa mnara mdogo zikageuka uchafu wa kawaida. Alijua ni nini. Mji mzima wa Roi Et unajua: mtawa wa Kibudha hubariki gari kwa kuchovya kidole kwenye poda iliyokorogwa na kugonga nukta juu ya kichwa cha dereva. Wichit alichekea puani, akakitupa kitambaa sakafuni.

Alidharau vitu vingi, na kwa bahati mbaya alikuwa fundi hodari, kwa hiyo watu walimvumilia. Aliwadharau wanaopaka dashibodi mafuta ya kupikia ili ing'ae, kisha jua likaikaanga mpaka ikapasuka. Aliwadharau wanaobandika karatasi zenye michoro ya mbao, kana kwamba kuna mjinga atakayeamini kuwa gari la kubebea mihogo lilichongwa kwa mbao za msaji. Mafundi wenzake ndio hasa hakutaka kuwasikia: wanapulizia rangi juu ya vumbi, na kabla ya mvua ya kwanza imeshaanza kubambuka.

Yeye hakuwa mtu wa kulipua kazi. Pikapu ya Bi Buangoen ilifika ikiwa aibu tupu, dashibodi ina nyufa, plastiki za milango zimepauka, vitasa vimefungwa kwa waya. Vilivyokufa alivitafutia vingine kwenye yadi ya magari mabovu. Vilivyobaki alivibandua kimoja kimoja, akavisugua kwa msasa wa maji, akavipulizia rangi ya kijivu, tabaka jembamba juu ya jembamba. Mama huyo alitaka gari lipendeze kabla ya kumkabidhi binti yake, Ratri, ambaye angeanza kupeleka mboga Khorat peke yake. Hakusema alama za juu zisiguswe. Nani humwambia kinyozi asikate sikio?

Alikuja kulichukua asubuhi, na furaha ikamjaa usoni.

"Jamani, fundi! Hii ndiyo gari yangu, au umenibadilishia?"

Akapapasa milango, akapapasa dashibodi, akapanda na kushika usukani. Kisha, kama alivyozoea kabla ya kuwasha, akaunganisha viganja na kutazama juu. Viganja vikabaki hewani.

"Za Baba Mtawa ziko wapi?"

"Zipi, mama?"

"Wichit, usinichezee."

"Aa, ile poda? Nimeisafisha. Rangi haishiki juu ya uchafu. Kesho pita hekaluni, huyo mtawa mkuu mpya atakugongea nyingine kabla wali wako haujapoa."

Bi Buangoen hakupandisha sauti. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akimpeleka mtawa mkuu wa zamani hospitali kwa pikapu hiyo. Safari ya mwisho, mtawa huyo aliomba aletewe poda.

"Mkono ulikuwa unatetemeka," alisema. "Ndiyo maana nukta zilipinda. Mume wangu akamshikia kiwiko. Wote wawili wameshakwenda. Nilitaka Ratri awe nao njiani."

Ilimchoma Wichit, nusura aombe radhi. Lakini dharau ilikuwa imeshamzoea, ikamtangulia mdomoni.

"Mama, tuseme ukweli tu. Ni poda na maji."

Mama akashuka. Kando ya feni kulikuwa na kopo la Wichit mwenyewe, la poda anayojipaka wakati wa joto. Akamimina kidogo kwenye kifuniko, akatia maji ya kunywa, akakoroga kwa kijiti, akamnyooshea.

"Haya. Poda hiyo, maji hayo. Chovya kidole uzirudishe."

"Mimi?"

"Kwani aliyezifuta ni nani?"

"Mimi si mtawa, mama."

"Na hicho si kitu, umesema mwenyewe. Mbona unarudi nyuma? Mwanamume mzima unaucheka mji wote, leo unaogopa poda ya vipele?"

Wichit akapanda kwenye kiti. Akachovya, akainua mkono kuelekea ile plastiki safi, laini, isiyo na doa, kazi ambayo jana alikuwa akiisifu peke yake. Akamwona Ratri kwenye barabara ya Khorat katikati ya malori ya miwa, na juu ya kichwa chake alama ya kidole hiki. Akajaribu kucheka. Kidole kilikaribia, kikasimama, hakikugusa. Akakaa hivyo mpaka poda ikamkaukia.

Bi Buangoen alimtazama bila haraka, kama anayeonja chakula kibovu.

"Nilidhani huamini," alisema. "Kumbe huna adabu tu. Shuka kwenye gari yangu."

Aliondoka na pikapu yake inayong'aa, juu ya kichwa chake kukiwa kutupu.

Wichit alibaki mlangoni mpaka pikapu ikapotea. Akageuka atafute kitu cha kufutia kidole. Kitambaa chenye poda ya Baba Mtawa kilikuwa palepale sakafuni, na alikuwa amekikanyaga. Akaondoa mguu haraka. Akasimama hapo, kidole cheupe kikiwa juu, asijue akiweke wapi.