Mgeni Aliyepewa Jembe

Kila asubuhi, kabla hajashika mkasi, Dada alimwuliza mdogo wake swali lilelile.

"Mgeni kaamkaje?"

"Salama. Tangu alfajiri yuko shambani," Kola alijibu.

Mgeni alikuwa figo. Ilikuwa ya Dada, sasa imo tumboni mwa Kola, na wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja hata hiyo ya tatu. Palepale kwenye meza ya upasuaji figo ilianza kutoa mkojo, na mama yao, aliyekuwa amesahau kucheka, alicheka kwa sababu ya mkojo.

Walifanya kazi chumba kimoja, nyuma ya duka la vitambaa. Dada alikata, mdogo wake alishona kola za mashati, na ndipo jina lilipotoka. Kola zake zililala shingoni kana kwamba shati limezaliwa nazo. Asubuhi na jioni alimeza dawa ya kuuzuia mwili usimfukuze mgeni, na mara kwa mara alipimwa damu, ionekane dawa imo kiasi gani. Ikizidi, ingeidhuru figo yenyewe. Ikipungua, mwili ungeikataa.

Siku moja Dada alikuwa dirishani akilinganisha nyuzi, akamtazama mdogo wake usoni.

"Hebu geuka. Macho yako yamekuwa rangi gani haya?"

"Rangi ya mtu anayechunguzwa sana."

"Sitanii, bwana mdogo. Yamekuwa manjano."

Kumbe vijiwe vilikuwa vimeziba njia ya nyongo. Hospitali walimlaza, wakampima na damu. Mashine ikasema dawa imezidi, daktari akapunguza vidonge. Wakapima tena, ikasema bado imezidi, akapunguza tena. Kola alifurahi, maana vidonge vile vilimtetemesha mikono, na fundi bila mikono ni nini?

Lakini miguu ikaanza kuvimba, viatu vikamkataa. Dada alipouliza habari za mgeni, Kola alisema, "Leo kakaa kivulini," wala hakucheka.

Daktari naye aliingiwa na wasiwasi. Dawa imejaa, mbona figo inakataliwa? Akapeleka damu mji mwingine, kwenye mashine ya aina nyingine. Majibu yaliporudi aliwaita wote wawili, akafunga mlango, akavuta kiti chake akakaa upande wao wa meza.

"Dawa ikifika kwenye ini huvunjwavunjwa," alisema. "Mabaki yake hutoka na nyongo. Nyongo ilipoziba, mabaki yakarundikana kwenye damu. Mashine yetu haiwezi kuyatenganisha, ikayahesabu kuwa ni dawa. Dawa yenyewe ilikuwa kidogo mno, nami nikazidi kuipunguza. Nilipaswa kulifikiria jambo hilo mapema."

Dada alitazama sakafu. "Ni kama kupima kitambaa pamoja na vipande vilivyokwisha kukatwa," alisema polepole. "Ukiona rundo utadhani suti itatoka."

"Ndivyo hasa," daktari alisema.

Wakamwongezea dawa, wakamtundikia na nyingine za mshipani, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Kola akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, ile ya kabla ya kupewa figo, na chumba cha kushonea hakukikanyaga tena. Dada akamfuata nyumbani, akamkuta kageukia ukuta.

"Unanikimbia?"

"Nitakutazamaje, Dada? Umejikata ukanipa, nami nimeharibu."

"Hukuharibu. Mgeni kafia kazini, jembe mkononi."

"Na huna mwingine wa kunipa."

"Ningekuwa na wa tatu ungempata."

Kola alicheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kilio, wakalia pamoja bila kufichana.

Daktari alisema figo iliyokufa haitatolewa. Kumpasua tena kungekuwa kumwumiza bure. Ikabaki pale ilipowekwa. Kwa hiyo mashine nayo iliposhindwa na Kola akafariki, ilikwenda naye kaburini.

Msibani watu walimpa Dada pole ya ndugu. Walipotawanyika, mama yake alisogea karibu, akapitisha kiganja ubavuni mwa binti yake, juu ya kovu, taratibu, kama anayenyoosha mshono.

"Nilizaa wawili," alisema. "Leo sijui nimezika kiasi gani."



Aliporudi kazini alikuta shati juu ya meza, limekamilika mikono na vifungo, halina kola. Akanyoosha mkono kuchukua mkasi, na mdomo ukafunguka wenyewe kuuliza mgeni kaamkaje. Akaufunga. Akalikunja lile shati hivyohivyo bila kola, akatafuta chaki ya kuchorea kitambaa kingine.