Kiu ya Watu wa Moto

Kwenye bekari ya wakwe wa mama mmoja, karibu na tanuri, kulikuwa na misumari ukutani, na kila msumari ulining'iniza kikombe kikubwa cha bati. Mtoto wa ukoo akizaliwa, alipigiliwa msumari wake. Watu wale walikunywa maji bila kukata kiu, na wakajivunia: sisi ni watu wa moto. Kikombe cha marehemu baba mkwe kilibaki pale pale, na ilikuwa mwiko kukigusa.

Basi huyu mama, fundi cherehani aliyeolewa humo, alipoambiwa bintiye ana kisukari, wa kwanza kumnyooshea kidole alikuwa wifi yake, mshika funguo za bekari.

"Umemlea kwa soda, wifi. Kwetu hatuna ugonjwa huo."

Akameza hayo maneno, machungu kama shubiri. Binti akawa anadungwa insulini. Mara mbili sukari ilishuka mno akaanguka darasani, na shule ikasema asirudi mpaka apone. Apone, utadhani ni mafua!

Daktari mpya ndiye aliyeshangaa. Mtoto ni mwembamba, na dawa kidogo tu inamwangusha.

"Kuna kisukari cha kurithi," alimwambia mama. "Kasoro ni moja tu ya vinasaba, inatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na huanza mapema. Wengine hutosheka na vidonge, sindano wakaziacha. Upande wa baba yupo mwenye nacho? Nikijua hilo, nitajua kipimo cha kuomba."

Kutoka hapo mama alikwenda moja kwa moja bekarini. Mumewe alikuwa anakwangua meza ya unga, na wifi anahesabu mikate. Mama akaeleza yote, akawaomba wakapime.

"Tupime nini?" wifi akasema. "Kiu yetu ni ya tanuri."

"Mwanangu hajasimama mbele ya tanuri hata siku moja. Yake imetoka wapi?"

Mume aliendelea kukwangua, kama vile wanaongelewa watu wa mtaa wa pili. Hapo ndipo hasira zilipompanda mama. Alinyoosha mkono, akakishusha kikombe cha marehemu.

"Na huyu? Kidonda cha mguu kilichogoma kupona mpaka kikamuua, nacho kilikuwa cha tanuri?"

Ndani ya kikombe kitu kilichakacha. Akakiinamisha, na pakiti za vidonge zikamwagika mezani. Zilikuwa dawa za kisukari, na jina juu yake lilikuwa la wifi.

"Tangu lini?"

"Kabla hujaolewa," wifi akajibu polepole. "Nani angenunua mkate kwa wagonjwa wa sukari?"

"Dada, ulijua?" mume akauliza.

"Na wewe hukuuliza," mama akamkatiza. Alizikusanya pakiti, akazitia mkobani. "Mwanangu ameanguka mbele ya wenzake, nami nimeitwa mlisha soda, ili mikate yenu iuzike. Kesho asubuhi mko kwa daktari, nyote wawili. La sivyo nitasimama hapo dirishani nigawe hivi vidonge, kimoja kwa kila mkate."

Wifi alitupa jicho dirishani. Kisha akauliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.