Geti la Mashariki

Watu wa Nakuru si wepesi wa kusifu. Ukiwaambia umeshinda tuzo ng'ambo, watakuuliza kwanza kama ilikuja na kitu. Lakini Nerima Masinde walimsifu, tena hadharani. Mwaka ule gemu yake ya Boma Saba ilipochaguliwa kuwa gemu bora ya mbinu mbele ya makampuni makubwa ya huko nje, marafiki walimpeleka Kikopey, wakachomewa mbuzi wawili, wakamlazimisha ahutubie akiwa na ubavu mkononi. Alisema maneno manne akaketi. Wakasema ni unyenyekevu. Wangejua kilichokuwa kikimsumbua, wangemwacha ale kwa amani.

Tuwaeleze wale ambao hawajaicheza. Boma Saba ni gemu ya kompyuta. Unapewa boma moja bondeni, watu arobaini, ng'ombe kadhaa na kisima kimoja. Kompyuta inayashika maboma sita yaliyobaki. Mvua ikikataa kunyesha, ni juu yako kuamua kama utafanya biashara na jirani, utaoa kwake, au utamvamia. Hayo yamo katika gemu mia nyingine. Kilichoifanya hii ivume ni geti moja. Kila jioni maboma ya kompyuta hufunga mageti yote isipokuwa lile la mashariki, nalo hubaki wazi mpaka mtu wao wa mwisho aliyetoka arudi. Adui anakuachia njia, na unajua kabisa anamngoja nani. Wapo wachezaji walioandika kwamba walishindwa kuvamia, wakazima kompyuta, wakaenda kuwapigia ndugu zao simu. Profesa mmoja aliandika makala ndefu hata ikachosha. Nerima alipoulizwa na waandishi wa habari wazo hilo alilitoa wapi, alijibu kwamba wazo ni mgeni tu, huulizi limepita njia gani. Jibu tamu, na uongo mtupu.

Njia aliijua vizuri. Yeye na kaka yake Sitati walilelewa Bondeni, katika nyumba ambayo babu yao alipangishwa enzi zake za reli. Huko Sitati ndiye aliyebuni vita vya vifuniko vya soda kwenye sakafu ya saruji: vya kijani vilikuwa ng'ombe, vyekundu askari, na viberiti vilikuwa nyumba. Alikuwa na sheria chungu nzima. Ukishaweka kifuniko hukirudishi, hata ulie. Nerima aliwahi kulia kweli, akaambiwa sheria ni sheria hata kwa ndugu. Basi akazipenda zile sheria kuliko mwenyewe aliyezitunga.

Januari ya 2008, baada ya uchaguzi, mji ulichafuka, makabila yakauana. Ploti yao ilikuwa na familia kumi na mbili, geti moja la bati, na ufunguo mmoja uliopokezanwa nyumba kwa nyumba kwa zamu. Micah, mzee aliyesimamia ploti, aliweka hodi ya siri: mbili, kimya kidogo, kisha moja. Aliyebisha vingine hakufunguliwa. Sitati, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, alitoka saa nane mchana kwenda kutafuta unga, kwa kuwa nyumbani hakukuwa hata na wa kukoroga uji. Asubuhi iliyofuata walimkuta kando ya reli, amekufa.

Hayo kila mtu aliyajua. Kama ilivyo desturi ya kwao, kabla ya mazishi wazee walikwenda pale alipoangukia wakiwa na tawi bichi, wakamwita kwa jina, wakamwambia twende nyumbani. Kisha wakasafiri na lile tawi hadi Bungoma, kwao kwa mababu, bila kusema neno wala kugeuka nyuma, ili roho yake isibaki ikizurura. Nerima, wa miaka kumi na mitatu, aliwatazama wakimwita. Lipo jambo alilolijua kuhusu jioni ile ambalo hajamwambia mtu, mama yake kuliko wote. Miaka kumi na saba amelibeba. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Sasa, mwaka huu kampuni iliyonunua haki za toleo jipya ilimwandikia barua ya heshima. Vijana wa mashindano hawana huruma za profesa. Wanapita geti la mashariki na mchezo unakwisha ndani ya dakika kumi na moja. Tafadhali alifunge kabla ya Jumatatu, la sivyo mkataba usimame. Nerima alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliwatazama wafanyakazi wake saba katika ile ofisi juu ya duka la dawa za mifugo, akafikiria kodi zao na karo za watoto wao, akakubali. Ijumaa asubuhi alibadilisha mstari mmoja wa programu. Mageti yote yakafungwa.

Saa nne Thuo, kijana wa kazi ya kuijaribu gemu kabla haijatoka, alimwita mezani pake.

"Boss, hebu cheki huyu," alisema. "Nimengoja siku arobaini za gemu. Hali, halali, hafi. Amesimama tu."

Kwenye kioo, nje ya geti la mashariki lililofungwa, alisimama mtu mdogo kama ukucha, na mzigo begani. Ndani ya boma wenzake waliamka, wakakama, wakalima, wakalala. Yeye alibaki ameelekea geti. Thuo alikuwa amemnyeshea mvua, amemletea fisi, amelichoma boma lenyewe moto. Mtu hakusogea. Katika kila boma la kompyuta alikuwapo mmoja kama yeye, sita kwa jumla, wote na mizigo yao.

Nerima hakuhitaji hata dakika moja kuelewa. Yeye ndiye aliyeandika, miaka mingi nyuma, kwamba anayechelewa aende geti la mashariki na angoje. Hakuandika afanye nini asipofunguliwa, kwa kuwa geti lile halikuwa la kufungwa. Hakukuwa na mzimu pale, palikuwa na agizo lililosahauliwa. Hata hivyo aliwahesabu wote sita, mmoja mmoja. Thuo alimwambia asijali, kumfuta mtu yule ni kazi ya sekunde. Nerima alimwambia asimguse. Akachukua funguo za gari, akaondoka bila kuaga, na safari hii hakujidanganya kwamba hajui anakokwenda.

Mama yake, Namalwa, alihamia Kabazi mwaka uleule wa maafa. Huko analima viazi na maharagwe, na majirani humwita Mama Sitati. Mmoja aliwahi kumwita Mama Nerima, akidhani anamwondolea uchungu. Aliita mpaka akachoka, mama hakugeuka. Siku hii Nerima alimkuta uani akichagua viazi vya mbegu. Alipewa kigoda, akapewa chai, akaulizwa mbona amekonda na watu wanasema ametajirika. Alishika kikombe mpaka kikapoa.

"Mama," alisema, "Sitati alifika getini."

Mikono ya mama iliendelea na viazi. Nerima akaona heri amalize yote kabla ujasiri haujamkimbia, akasimulia. Siku ile saa kumi, Micah alisikia sauti ngeni nyuma ya kioski, akahofu kwamba hodi imejulikana, akaibadilisha: mbili, moja, mbili. Akapita nyumba zote akiwafundisha. Sitati hakuwapo. Kisha mawe yakaanza kuanguka upande wa nyuma, watu wazima wote wakakimbilia ukuta ule, mama yake akiwa miongoni mwao na ndoo ya maji. Ufunguo ulikuwa zamu ya nyumba yao. Micah alimkabidhi Nerima, kwa sababu ploti nzima ilijua mtoto yule havunji sheria, akamwambia asifungue kwa sauti ya mtu yeyote, hata ya wa kwao, maana mtu huweza kuwekewa panga shingoni akaambiwa ita. Fungua kwa hodi ya sasa peke yake.

Saa moja kasoro hodi ilikuja. Mbili, kimya, moja.

Alisimama na ufunguo mkononi, akahesabu, akangoja iliyobaki. Hodi ikaja tena vilevile. Mara ya tatu ikafuatwa na sauti ya chini, ya mtu aliyetoka mbio: Nerima, ni mimi, fungua. Hapo ndipo uongo wote wa baadaye ulipoanzia, kwa sababu alijijua. Hakufikiria panga la mtu yeyote. Alijua ni Sitati na alijua yuko peke yake, na alichofikiria ni kwamba Sitati amekosea, na aliyekosea hapewi nafasi ya kurudia. Hata aliona fahari kidogo. Akasikia miguu ikikimbia kuelekea reli. Kesho yake hakuna aliyemuuliza kitu, naye akanyamaza.

Mama aliweka kiazi chini. "Alibisha mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na akakuita?"

"Akaniita kwa jina."

Kuku walipita katikati yao, wakadonoa, wakaenda zao. Nerima alikuwa akingoja neno moja, lile ambalo mtu yeyote angemwambia: ulikuwa mtoto. Alilingoja kwa mwili mzima. Halikuja.

"Asubuhi ile nilifagia unga pale getini," mama alisema hatimaye. "Konzi mbili hivi, umekanyagwa. Nikajiambia umemwagwa na mtu wa nyumba namba sita. Wale wa namba sita walikuwa hawana unga wiki nzima, na nilijua. Nilijiambia tu."

Alijifuta mikono kwa kanga, taratibu, kidole kwa kidole. Alipozungumza tena ilikuwa kama mtu anayepiga hesabu ya jambo lililoharibika na jinsi ya kulitengeneza. Kama mtoto alifika getini, alisema, basi ni pale alipokuwa akiomba kuingia. Ni pale roho yake ilipobaki. Pale reli palilala mwili tu. Wazee walimwitia pasipo pake. Walibeba tawi tupu mpaka Bungoma, wakazika, wakala, wakaenda nyumbani, na yeye bado amesimama.

Nerima alisema ampigie mjomba simu, maana kazi ya kuita ni ya mzee wa ukoo.

"Ataitwa na aliyekuwa na ufunguo," mama alisema, akazunguka nyuma ya nyumba kukata tawi.

Kabla ya kuwasha gari Nerima alimpigia Thuo, akamwambia alifungue geti la mashariki kama lilivyokuwa. Thuo aliuliza kampuni itaambiwa nini. Iambiwe geti liko wazi, alijibu. Wakashuka kutoka Kabazi, mama ameshika tawi.

Walifika Bondeni saa tisa, jua bado kali. Geti la bati lilikuwa limebadilishwa, sasa ni la chuma na limepakwa buluu, lakini nguzo zilikuwa zilezile. Mwanamke kijana aliwafungulia, jina lake Jackie, mtoto mgongoni, akauliza kwa adabu wanamtafuta nani.

"Tumekuja kumchukua mtoto wetu," mama alimjibu. "Alibaki hapa."

Jackie alitazama tawi mkononi mwa mama mzee yule, akamtazama na Nerima. Bondeni kuna watu wa kila kabila, na mambo mengine hayahitaji kutafsiriwa. Alisema, "Sawa, mathe, chukueni muda wenu," akamshusha mtoto mgongoni, akaingia naye ndani na kufunga mlango wa nyumba yake.

Mama alimwambia Nerima aingie ndani ya geti alifunge. Yeye mwenyewe alibaki nje. Nerima akasukuma komeo, akasimama mahali ambapo miguu yake ilipajua, akiwa mwanamke wa miaka thelathini, jina lake likijulikana mpaka miji asiyoweza kuitamka. Kutoka upande wa pili ikaja hodi. Mbili, kimya, moja.

Mkono ulikataa. Alijua ni mama, alijua ni mchana, alisikia redio ya kinyozi wa jirani, na bado mkono ulikataa. Hodi ikarudi. Machozi yalimtoka, akawa analia kwa sauti kama alivyokuwa akilia juu ya vifuniko vya soda. Ya tatu haikumkuta amesimama tu. Alivuta komeo kwa mikono miwili, akalifungua geti mpaka likagonga ukuta.

Mama alikuwa ameshika tawi mbele yake. Hakumtazama Nerima, alitazama pembeni kidogo, usawa wa bega la kijana mrefu.

"Mwite," alisema.

"Sitati," Nerima aliita. Akaanza upya. "Sitati, nilisikia. Nilijua ni wewe. Nilijua mara ya kwanza. Twende nyumbani."

Mama aligeuka na tawi lake, akaanza kutembea bila kutazama nyuma, na Nerima akamfuata. Kuanzia hapo hakuna aliyesema neno, kwa maana safari ya Bungoma ilikuwa imekwisha kuanza. Penye gari mama alifungua mlango wa mbele wa abiria, akalilaza tawi kitini, akangoja kidogo, jinsi unavyomngoja mtu mwenye mzigo apange miguu yake. Kisha akaufunga polepole, na yeye akaenda kuketi nyuma.