Sehemu ya Saba Haitoki

Mwandishi wa tamthilia alikuwa kwenye chumba cha kuhariri, akiipitia sehemu ya saba kwa mara ya mwisho, mlango ulipofunguliwa bila hodi. Baba yake mdogo, katibu wa wizara, alisimama hapo, kitambulisho cha kazini kikining'inia shingoni.

"Hii ya leo haitoki," alisema.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Salamu zako kaa nazo. Nimesema haitoki."

Kwa wiki sita watu walikuwa wameganda mbele ya televisheni wakifuatilia kisa hicho cha chama cha siri kinachopenyeza watu wake serikalini, leo karani, kesho jaji. Baba Mdogo mwenyewe alikuwa akikitazama na kucheka mpaka machozi. Lakini katika sehemu ya saba mwanachama mpya anatakiwa kuthibitisha utii wake kwa kumtoa ndugu wa damu. Anamchongea kaka yake, na kaka anakamatwa ofisini mchana kweupe.

"Haijaonyeshwa bado," mwandishi alisema. "Wewe umeionea wapi?"

"Hilo halikuhusu. Nijibu: nani kakwambia habari za baba yako?"

Mwandishi aligeuza kiti, akamkabili. Baba yake alichukuliwa kazini yeye akiwa na miaka tisa, hakurudi tena. Na kisa cha wale ndugu wawili alikitunga jikoni akiosha vyombo, bila kumfikiria mtu yeyote.

"Hakuna aliyeniambia," alisema taratibu. "Umeniambia wewe, sasa hivi."

Baba Mdogo alisogea karibu. Kisha akamwinamia mpaka pumzi yake ikamgusa usoni.

"Nimekulea mimi. Usinitafute ubaya, mtoto wewe. Nitakupoteza."

"Kama ulivyompoteza yeye?"

Akatoka akiubamiza mlango. Hajafika hata kwenye lifti, mwandishi alikuwa ameshaituma sehemu ya saba kwa mafundi wa kurusha matangazo.

Ilitoka jioni ile ile. Kesho yake tamthilia ikafungiwa, mwandishi akafukuzwa kazi. Baba Mdogo hakuguswa. Baada ya mwezi akapandishwa cheo.

Mwandishi alipomsimulia mama yake nyumbani, mama alisikiliza yote akiwa amesimama. Hakulia. Alichukua simu.

"Shemeji," alisema, "miaka ishirini nakupakulia chakula kwa mkono wangu. Siku ukikanyaga tena hapa, nakumwagia maji ya moto. Usidhani natania."

Simu ikakatwa. Mama akavuta kiti, akaketi.

"Nenda kafunge geti," alimwambia binti yake. "Weka na komeo."