Kompyuta Iliyomnyima Mwenyekiti Ruhusa

Jumanne asubuhi Renatha alitoka kwake Bombambili akiwa na hakika kwamba kufikia saa sita kazi itakuwa imekwisha. Chama cha wafuga nyuki kilikuwa kimemwajiri kuwa fundi wa kompyuta baada ya kundi lao la WhatsApp kuzama kwenye picha za maua na michango ya harusi za watu wasiojulikana. Mwenyekiti, Mwalimu Romwaldi, alikuwa amechoka. Alitaka orodha ya barua pepe: mtu anaandika barua moja kwa anwani moja, nayo inawafikia wanachama wote mia moja arobaini na watatu, kuanzia Songea mjini hadi Nalasi. Barua, alisema, ina tarehe na ina kichwa cha habari.

Renatha aliiweka programu ya orodha kwenye kompyuta ya zamani iliyokaa kando ya dirisha la ofisi ya chama, akatuma barua ya majaribio. Haikwenda. Alipofungua faili ambamo mashine huandika matatizo yake, alikuta mstari mmoja umejirudia mara ishirini na saba: permission denied.

Mwalimu Romwaldi, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Aliusoma mstari ule kwa sauti, akautafsiri polepole kama yuko mbele ya darasa: ruhusa imekataliwa. Kisha akauliza ni nani aliyekataa.

"Mashine, Mwalimu."

"Na mashine iko chini ya nani?"

Renatha akaeleza kwamba mle ndani kila programu hufanya kazi kwa jina lake. Ile ya orodha hutumia jina la list. Juu ya wote yupo mkubwa mmoja aitwaye root, ambaye hakuna mlango unaomzuia. Sasa list alitaka kuandika kwenye folda ya kuhifadhi barua, akafungiwa.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Kilichomuuma si barua kukwama. Ni kwamba ofisini mwake kulikuwa na mkubwa mwingine ambaye hakuwahi kutambulishwa kwenye mkutano mkuu.

Alikwenda mezani kwake akaandika barua yenye kumbukumbu namba, akimruhusu list kuandika katika folda husika bila kusumbuliwa na mtu yeyote, nakala kwa root. Akaigonga mhuri. Bi Sabra, katibu wa chama, aliuliza kwa upole barua ile itapelekwa kwa njia gani. Mwalimu akaiegemeza nyuma ya kompyuta. Feni ya mashine ikaivuta karatasi, nayo ikaanza kutetemeka na kunguruma.

"Anaisoma," akasema Mwalimu, akarudi kwenye chai yake.

Renatha aliitoa karatasi alipoona hatazamwi. Akaifungua ile folda ya barua, akajaribu tena. Safari hii ikagoma folda nyingine, ya foleni ya barua zinazosubiri kutumwa. Akaifungua hiyo nayo, ikagoma ya tatu. Saa saba ikapita hajala. Hasira zikampanda, akafanya jambo ambalo mwalimu wake wa chuo aliwahi kuwaapisha wasilifanye: akazifungua folda zote kwa kila mtu, asome anayesoma, aandike anayeandika.

Barua ikagoma tena, na safari hii kwa sababu ya kinyume. Programu ya kupokea barua ilisema mafaili yako wazi mno, kwa hiyo haiyaamini. Renatha akaegemea kiti na kucheka peke yake, kicheko cha mtu aliye karibu kulia. Asubuhi amekataliwa kwa kufunga, mchana anakataliwa kwa kufungua.

Bi Sabra alimletea mihogo ya kuchoma, akakaa karibu naye. Yeye kompyuta aliijua kwa kuchapa tu, lakini stoo ya asali aliiendesha miaka tisa. Akauliza hivi vyumba vya mle ndani vimeandikishwa kwa jina la nani.

"Vya list," Renatha akajibu, mdomo umejaa muhogo.

"Umeangalia?"

Hakuwa ameangalia. Alipoangalia, kila kitu kilikuwa mali ya root, kwa sababu asubuhi yeye mwenyewe aliingia kwa jina la root ili kazi iende haraka. Alikuwa amemjengea list nyumba nzima na kuiandikisha kwa jina la mtu mwingine. Akamkabidhi list folda zake zote kwa amri moja, akafunga milango aliyoiacha wazi, akatuma. Simu ya Bi Sabra ikalia mkobani: barua imefika.

Mwalimu Romwaldi akaandika barua rasmi ya kwanza, akiomba wanachama wathibitishe kuipata. Abdulhamid wa Nalasi akawahi kujibu: "Shikamoo, imefika." Jibu lake likawafikia wote. Wazee sitini, kila mmoja akidhani ndiye aliyesalimiwa, wakaitikia marahaba, nazo zikawafikia wote. Vijana walipoona wazee wameingia, wakaona ni utovu wa adabu kunyamaza, nao wakaamkia. Kisha Mzee Aidani wa Hanga akamwamkia Mwenyekiti kwa heshima ya cheo, na shikamoo yake ikaingia kwenye simu ya Aisha, mwanachama mdogo kuliko wote, ambaye aliandika barua ndefu kwa chama kizima akiapa kwamba hakumtuma babu yule amwamkie.

Kufikia saa kumi zilikuwa barua mia nne. Renatha alisema anaweza kuipanga mashine ili majibu yamwendee mwandishi tu, ni kazi ya dakika moja.

"Subiri kwanza," akasema Mwalimu Romwaldi. Alikuwa amevuta kiti, amevaa miwani, na kwa kidole kimoja alikuwa anamwitikia kila mtu kwa jina lake, na ndiyo kwanza alikuwa amefika wa kumi na sita.